Kabla ya Kuchimba Msingi



Anayekusudia kujenga maduka au nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, tunamshauri aanze kwa kupima. Hifadhi ya barabara hiyo ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Jengo jipya linaloingia humo huvunjwa bila fidia. Kisha apeleke michoro Halmashauri apate kibali, ahakiki usajili wa mkandarasi katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, waandikiane mkataba, na alipe kwa hatua zilizokaguliwa na mhandisi.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka, likaua watu 36. Twawasihi: msingi usichimbwe kabla kibali hakijatoka.