Ghala la Sauti Zetu: Juu ya Kuchagua Jukwaa la Vipindi vya Mtandaoni

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu nilivyofundishwa kukagua. Vyama kadhaa miongoni mwenu vimeanza kurekodi vipindi vya sauti, ambavyo vijana huviita podikasti, na kuvitoa kwa wanachama kwa njia ya intaneti. Mimi si fundi wa redio. Lakini mahali vinapohifadhiwa vipindi hivyo pana fedha, pana mali, na pana ahadi zilizotamkwa. Na penye vitu hivyo vitatu mkaguzi hana budi kufika.

Mwaka 2022 nilikagua chama kimoja cha wakulima wa kahawa, ambacho sitakitaja. Wanachama walilalamika kwamba mwenyekiti alitangaza katika kipindi kiwango cha malipo ya pili, na kwamba walicholipwa kilikuwa pungufu. Mwenyekiti alishikilia kuwa alisema "tunatarajia", wala hakuahidi. Nikaona ni jambo jepesi: tukisikilize kipindi. Hakikuwapo. Kijana aliyeanzisha vipindi alijiandikisha kwenye jukwaa kwa anwani yake mwenyewe ya barua pepe, akalipa kwa kadi yake ya benki, na chama kikawa kinamrudishia fedha kwa vocha. Alipopata kazi mjini aliacha kulipa, na baada ya muda jukwaa likafuta kila kitu. Hapakuwa na nakala hata moja ofisini. Niliandika katika taarifa kwamba dai halikuweza kuthibitishwa kwa upande wowote, na hadi leo sijui kama niliwaonea wanachama au nilimwonea mwenyekiti.

Yafaa basi tuelewe kazi ya jukwaa. Wengi hudhani kwamba kipindi hukaa ndani ya programu wanayosikilizia. Sivyo ilivyo kwa kawaida. Apple ilipoingiza podikasti katika iTunes mwaka 2005, ilichoweka ni orodha, si ghala. Faili lenyewe hukaa kwenye seva ya jukwaa ulilolichagua, nalo jukwaa hutoa mlisho wa RSS, yaani waraka mdogo wenye jina la kila kipindi, tarehe yake na anwani ya faili. Programu za kusikilizia husoma waraka huo, kisha hulifuata faili liliko. Ninyi mnaouza kwa stakabadhi ghalani mtanielewa upesi: mzigo uko ghalani, karatasi ndiyo inayotembea. Ndiyo sababu Google ilipofunga huduma yake ya Google Podcasts mwaka 2024, wasikilizaji walilazimika kuhamia programu nyingine, lakini vipindi havikupotea. Lililofungwa lilikuwa dirisha tu. Ghala likifungwa, habari ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa jukwaa lolote lisiwe bei. Liwe hili: tukitaka kuondoka, tutaondokaje? Jukwaa linalofaa huruhusu mafaili yote yachukuliwe, na hukubali kuweka kwenye anwani ya zamani maelekezo ya kudumu, ambayo mafundi huyaita 301, ili programu zinazobisha hodi pale zipelekwe kwenye anwani mpya. Bila hayo, chama kinachohama huacha wasikilizaji wake nyuma, na kila mmoja itabidi atafutwe upya. Ulizeni kwa maandishi kabla ya kujiandikisha, na jibu liwekwe jaladani.

Sasa bei. Majukwaa mengine hutoza kwa saa za sauti zinazopakiwa kila mwezi, mengine kwa ukubwa wa nafasi, mengine kwa idadi ya upakuaji. Hesabu yenu ni ndogo kuliko mnavyotishwa. Kipindi cha maneno matupu, cha mkondo mmoja wa sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde, cha dakika 30, ni megabaiti 14.4. Mkikitoa kila wiki, mwaka mzima haufiki gigabaiti moja. Mkirekodi kwa kilobiti 128 mzigo huwa maradufu, na anayeulipia ni mwanachama kwa bando lake. Sioni kwa nini mkulima alipie zaidi ili amsikie katibu akisoma tarehe za kupokea kahawa.

Majukwaa ya bure yapo, lakini kila cha bure kina mwenyewe. Anchor ilikuwa ya bure. Mwaka 2019 ilinunuliwa na Spotify, na mwaka 2023 jina lake likabadilishwa. Vipindi havikufutwa kwa hilo, ila ghala lilipopata mwenye mpya, waliohifadhi humo hawakupigiwa kura.

Wapo walioniuliza juu ya redio ya moja kwa moja mtandaoni. Programu ya Icecast haina malipo, lakini wasikilizaji 100 kwa kilobiti 64 kila mmoja huhitaji kilobiti 6,400 kila sekunde bila kukatika, na umeme pia usikatike. Wazee wetu walikaa katika vikundi wakasikiliza "Mtu ni Afya" kwa saa iliyopangwa mwaka 1973, na wakachimba vyoo. Siku hizi mvunaji husikiliza anapopata nafasi. Kwa chama cha msingi, kipindi kilichohifadhiwa chatosha. Na asiye na simu ya intaneti achezewe kipindi hicho mkutanoni.

Kabla ya kuanza, wapo pia TCRA. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, na zile za 2020 zilizochukua nafasi yake, zimeweka utaratibu wa leseni. Waandikieni mkiuliza kama vipindi vyenu vinahusika, wala msitegemee maneno ya kijana wa mitambo.

Mengine ni kazi ya ofisi. Uamuzi wa kuchagua jukwaa upitishwe na bodi na uandikwe katika muhtasari. Anwani ya barua pepe iwe ya chama. Ada ya mwaka iingizwe katika makisio, maana nimechoka kuona vocha za "matumizi ya mtandao" zisizo na stakabadhi. Neno la siri likae katika bahasha iliyotiwa saini na watu wawili, ndani ya sefu. Nakala ya kila kipindi ihifadhiwe ofisini siku ileile kinapotolewa, na nyingine Chama Kikuu. Madeni ya mwanachama mmoja mmoja yasisomwe hewani kamwe.

Nitakapofika kwenu kwa ukaguzi wa msimu huu, pamoja na leja na daftari la mihutasari, nitaomba kusikilizishwa kipindi kimoja cha mwaka uliopita, nami nitakichagua mwenyewe.