Faraja ya Suratudh-Dhuha



Januari 2017 mgodi wa dhahabu wa Nyarugusu, mkoani Geita, uliporomoka, na watu 15 wakakaa chini ya ardhi kwa siku tatu. Walipenyezewa chakula kwa bomba, wakajua kuwa hawakusahauliwa. Wote walitolewa hai.

Mtume (S.A.W.) naye alionja kungoja. Wahyi ulikatika kwa muda huko Makka, na washirikina wakasema Mola wake amemtupa. Ndipo ikateremka Suratudh-Dhuha, sura ya 93, ambamo Mwenyezi Mungu anaapa kwa mwanga wa asubuhi na kwa utulivu wa usiku kuwa hakumwacha wala hakuchukia. Wafasiri wametanabahisha kuwa katika kuacha Mtume anatajwa, ama katika kuchukia hatajwi. Neno hilo, hata likiwa limekanushwa, halikugusishwa kipenzi chake. Mimi sijapata kusoma upole kama huo.

Kisha akakumbushwa uyatima wake na namna alivyopewa makazi, na hapo hapo akaamrishwa asimwonee yatima wala asimkemee mwombaji.

Si wote hutoka hai. Agosti 2025 mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga, ulifukia wachimbaji 25, na wengine walitolewa maiti. Basi mjane wa mchimbaji kule, au wa mvuvi hapa kwetu, akija ofisini kufuatilia mirathi ya watoto wake, akaribishwe kiti, asikilizwe, wala asiambiwe arudi kesho pasipo sababu.