Moyo Uendao Mbio
Dominika ya 13 ya Mwaka B



Injili ya leo (Mk 5:21-43) inatuletea mwanamke aliyesumbuliwa na kutokwa damu kwa miaka 12. Marko hafichi kwamba mama huyo alikwisha kupita kwa matabibu wengi, akatumia vyote alivyokuwa navyo, asipate nafuu. Mathayo, asimuliapo habari hiyo hiyo kwa ufupi, hawataji matabibu hao. Twamshukuru Marko kwa kuwataja, kwa maana wapo miongoni mwetu wanaojitambua hapo.

Tuwafikirie leo wale ambao moyo huwaenda mbio ghafla, pasipo sababu ijulikanayo. Mama ameketi kanisani akisikiliza masomo, hakukimbia wala hakushtuka, mara moyo waanza kupiga mara 150, pengine 200 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia hupigwa na moyo kati ya mara 60 na 100. Baada ya robo saa umenyamaza. Afikapo zahanati, mapigo ni ya kawaida. Aambiwa apunguze mawazo. Kabla juma halijaisha, majirani wamekwisha kuupa ugonjwa jina: ni jini, au ni mkono wa mtu. Kuku wa kwanza huuzwa kwa ajili ya mpiga ramli, kisha mbuzi.

Moyo, ndugu zetu, huendeshwa na umeme mdogo ambao Muumba ameuweka ndani yake. Wapo waliozaliwa na njia ya ziada ya umeme huo. Ukiingia humo huzunguka, na moyo hukimbia mpaka mzunguko ukatike. Mholanzi Willem Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake juu ya mashine iandikayo mwendo wa umeme huo. Lakini mashine huandika yale yanayotokea saa ile ile. Karatasi safi iliyopatikana moyo ukiwa umetulia haithibitishi kuwa mgonjwa ametunga maneno. Ndiyo maana kipo kifaa cha kuvaliwa mwilini mchana na usiku, kingawa hakipatikani kila mahali.

Pengine chanzo ki mbali na moyo wenyewe: upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, mirungi, kahawa nyingi. Au ni vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Hofu nayo yaweza kuwa chanzo, na mwenye hofu ni mgonjwa wa kweli, asidharauliwe.

Basi mgonjwa na aandike: siku, saa, alikuwa akifanya nini, mapigo yalianza ghafla au polepole, yalidumu muda gani. Aliye karibu naye amshike kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima. Daraja hilo lina thamani kubwa mbele ya daktari. Akizirai, akiumwa kifua au kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa ile ile, asingojee kesho.

Je, kutafuta jibu mara ya pili na ya tatu ni upungufu wa imani? Bwana hakumkemea yule mama kwa miaka aliyotumia kwa matabibu; na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu kama aliyewekwa na Mungu. Tena tutazame: Yairo anangoja, binti yake yu mahututi, umati unasukumana, na Yesu anasimama njiani mpaka mwanamke amweleze kweli yote. Habari ya miaka 12 haisimuliwi kwa neno moja. Twadhani Yairo aliona muda huo kuwa mrefu mno.

Ninyi makatekista ndio mnaofuatwa kwanza, baada ya Misa, chini ya mwembe. Ajapo mtu na habari ya moyo wake, msimkatize kwa sala ya haraka. Salini naye, naam. Kisha mwulizeni ilianza lini, mwandikieni ikiwa hajui kuandika, na mmsindikize hospitali ya wilaya, hata kama hii ni safari yake ya tatu.