Bandari na Haki ya Wanaoishi Kando Yake



Sisi wa Tume ya Haki na Amani huulizwa mara kwa mara: Kanisa lina shughuli gani na bandari? Jibu letu ni hili. Bandarini wengi hupata riziki, na hapo hapo wengine hupoteza riziki yao. Palipo na faida ya huyu na hasara ya yule, pana swali la haki.

Hatusemi kwamba bandari ni uovu. Kilindini hupokea ngano, mbolea na mafuta yanayotumika Kenya, Uganda, Rwanda na hata mashariki ya Kongo. Makuli na madereva husomesha watoto kwa jasho la kazi hiyo. Lakini wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari la bandari mna ushuru, tani za shehena na idadi ya makontena. Je, mikoko imeandikwa ukurasa gani? Na mvuvi je?

Tutazame kwanza namna madhara yanavyotokea. Meli kubwa huhitaji kina kirefu. Kwa hiyo sakafu ya bahari huchimbwa, na tope linalotibuka hufunika matumbawe na nyasi za baharini, mahali samaki wanapozalia. Meli isiyo na shehena hubeba maji ya farumi ili isiyumbe. Yakimwagwa ugenini huweza kuleta viumbe wa bahari nyingine wanaodhuru wale wa hapa. Ikiwa gatini, meli huendelea kuendesha mitambo yake ili ipate umeme, na moshi wake huvutwa na makuli pamoja na majirani. Tena kuna ajali. Mwaka 1988 mafuta mengi yalivuja kutoka tangi moja na kuingia katika hori ya Makupa, Mombasa, yakaua mikoko. Mafuta humwagika kwa siku moja. Msitu huchukua miaka na miaka kurudi.

Pili, tutazame Lamu. Mwezi wa Machi 2012 ujenzi wa bandari mpya ulizinduliwa huko, wenye mpango wa magati 32. Mwaka huo huo wakazi walikwenda mahakamani. Hawakuomba kwamba bandari isijengwe kamwe. Walidai waelezwe, washirikishwe, na maji yao ya kuvulia yasichukuliwe bure. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki yao ya mazingira safi, haki ya kupewa habari, na haki zao za uvuvi na utamaduni zilikuwa zimevunjwa. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hata hivyo, gati la kwanza lilipofunguliwa mwezi wa Mei 2021, wavuvi hao walikuwa bado wakiisubiri. Meli ilifika kabla ya haki.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Fidia inayokuja baada ya uharibifu hufanana na dawa inayofikishwa matangani. Mwenye mtumbwi hawezi kufuata samaki katika bahari kuu kama afanyavyo mwenye meli ya injini. Akifungiwa mlango wa bahari wa karibu, amefungiwa jikoni kwake.

Tatu, imani yetu yasemaje? Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba mwanadamu alikabidhiwa dunia aitumie na pia aitunze. Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya mwaka 1990, aliunganisha amani na utunzaji wa viumbe vyote. Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alionyesha kwamba taabu ya mazingira na taabu ya maskini hazitenganishwi. Nao ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika Lamu, wanamkiri Muumba aliyeiumba bahari hiyo. Jambo hili latuunganisha.

Basi tudai nini? Tudai uchunguzi wa mazingira ukamilike kabla ya mashine kuingia majini, na uelezwe kwa Kiswahili, barazani, si katika vitabu vya ofisini tu. Tudai mikataba ya mataifa itekelezwe: ule wa mwaka 1973, ulioongezewa mwaka 1978, unaotaka bandari ziwe na mahali pa kupokea mafuta machafu na takataka za meli, na ule wa maji ya farumi wa mwaka 2004, ulioanza kutumika mwaka 2017. Tudai gharama za bahari ziingizwe katika bei ya bandari tangu mwanzo. Nasi tulio mbali na pwani tusijitoe, kwa maana shehena ile ni unga wetu, nguo zetu na petroli yetu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Katika eneo letu, ni nani anayelipia maendeleo ambayo wengine wanayafurahia?

2. Je, tuliwahi kuhudhuria baraza la kujadili mradi kabla haujaanza? Kama hatukuhudhuria, ni kwa nini?

3. Tutashirikianaje na majirani wa dini nyingine kuilinda riziki ya wavuvi?

Mungu, Muumba wa bahari na nchi kavu, awabariki.