Cheo Kibaki Mlangoni: Kuongoza Chama cha Matabibu wa Vikosi Maalumu

Chama ninachokitolea mfano katika mada hii ni cha Marekani, Special Operations Medical Association, kinachowakusanya wanaotibu majeruhi wa makomando. Kwa ufupi kinaitwa SOMA, jina ambalo Mswahili akilisikia anadhani ameamriwa kufungua kitabu. Si kosa kubwa, maana kiongozi wa chama cha namna hii hana amri nyingine ya kutoa. Hana kikosi, hampandishi mtu cheo wala hamvui, na kila mwanachama wake ana kamanda anayemtii kabla yake. Sasa anaongoza nini? Hoja yangu ni kwamba anaongoza mazungumzo ambamo sajenti aliyefunga jeraha gizani anaweza kumwambia kanali daktari kuwa mwongozo umekosea, na kanali akalazimika kumjibu kwa ushahidi. Mkutano wa mwaka, jarida, ada na tuzo ni vyombo vya kuyalinda mazungumzo hayo. Kiongozi anayevipenda vyombo akayasahau mazungumzo atakuwa na ukumbi uliojaa na chama kisicho na kazi.

Ushahidi wangu mkubwa ni kitu kidogo: mkanda wa kukaza mkono au mguu ili damu isitoke. Kwa miongo mingi askari walifundishwa kuwa huo ni wa kutumia pale tu njia nyingine zote zikishindikana, kwa sababu mkanda ukikaa muda mrefu kiungo hufa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ila hesabu yake ilikuwa ya hospitali, mahali ambapo mgonjwa yuko kitandani na muuguzi yuko karibu. Inakadiriwa kuwa katika vita vya Vietnam Wamarekani zaidi ya 2,500 walikufa kwa kutokwa damu mikononi na miguuni. Mwaka 1996 Frank Butler, daktari wa macho aliyewahi kuongoza platuni ya makomando wa majini, alichapisha na wenzake wawili makala katika jarida la Military Medicine. Waliuliza swali ambalo vitabu vya huduma ya dharura vya kiraia havikuwa na sababu ya kuliuliza: tabibu afanye nini wakati bado anapigwa risasi? Jibu lao lilikuwa kwamba kwanza mrudishie adui risasi, kaza mkanda, toka hapo, mengine baadaye. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya kijeshi Baghdad na kuchapishwa 2009 uliwaangalia majeruhi 232 waliofungwa mikanda. Waliofungwa kabla mwili haujazidiwa kwa kupoteza damu walipona 90 kwa kila 100, na waliofungwa baada ya hapo walipona 10 tu.

Hapa ndipo chama kinapoingia. Desemba 1998, kwenye mkutano wake mjini Tampa, ilifanyika warsha iliyorudi Mogadishu, katika mapigano ya Oktoba 1993 yaliyoua Wamarekani 18 na Wasomali wengi zaidi. (Ni jiji lile lile ambalo wanajeshi wa Uganda, na baadaye Burundi, walianza kulilinda mwaka 2007, kwa hiyo wasikilizaji wa ukanda wetu hawahitaji kuelezwa vichochoro vyake.) Mmoja wa majeruhi alipigwa risasi juu kabisa ya paja, karibu na kinena, mahali ambapo mkanda haupati pa kushika. Tabibu aliingiza mkono ndani ya jeraha akiutafuta mshipa ili aubane, lakini mshipa ulikuwa umekatika na kujirudi ndani ya nyonga. Magari hayakuweza kufika, na kijana yule alikata roho usiku ule. Mtu aliyesoma tu ripoti ya vifo angeandika “alikufa kwa kutokwa damu” akafunga faili. Tabibu aliyekuwa na mkono ndani ya jeraha anajua zaidi: kidole kilifika wapi, maji ya mshipani yaliongeza nini, kifaa gani hakikuwepo kwenye begi. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yaliyozaa utafiti wa vifaa vya kubana kinena, na hayasemwi kwa uhuru mbele ya mkubwa wako anayekuandikia tathmini ya mwaka. Yaliyojadiliwa Tampa yalichapishwa mwaka 2000, yakasomeka hata kwa mtu aliyekuwa nje ya jeshi.

Atatokea msikilizaji, pengine mwanajeshi, aseme kwamba ninakipa chama sifa ya amri, kwa kuwa jeshi hubadilika kamanda anapoamuru. Pingamizi hili lina uzito. Kikosi cha 75 cha Rangers ndicho mfano wake bora. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kamanda wake, Stanley McChrystal, aliweka huduma ya kwanza miongoni mwa mambo manne ambayo kila askari lazima ayaweze, sawa na shabaha. Kati ya Oktoba 2001 na Machi 2010 kikosi hicho kilipata majeruhi 419 wa vitani, 32 kati yao wakafa, na uchunguzi haukuona hata kifo kimoja ambacho kingeweza kuzuilika kabla ya hospitali. Linganisha na jeshi zima la Marekani: kati ya vifo 4,596 vya vitani vya 2001 hadi 2011, karibu 87 kwa kila 100 vilitokea kabla ya hospitali, na takriban robo ya hivyo vingeweza kuepukika. Nakubali kwamba bila kamanda elimu ile ingebaki karatasini. Hata hivyo kamanda hakuibuni. Aliikuta imeshabishaniwa, imeshaandikwa, imeshafundishwa na watu waliokutana nje ya safu zao. Tena, jeshi lililobaki lilikuwa na makamanda tele na amri tele, na bado ilifika karibu 2005 ndipo mkanda ukawa kitu cha kila askari. Miaka tisa tangu makala ile ya 1996! Funzo ninalolitoa kwa kiongozi wa chama ni kwamba makamanda wawe sehemu ya hadhira yake, waketi ukumbini wasikie, bila kukabidhiwa kipaza sauti. Awe mkweli pia kuhusu mipaka: miongozo ya tiba vitani huandikwa na kamati maalumu iliyoundwa 2001, si na chama, na mwenyekiti anayejinasibia kazi hiyo atawapoteza wanaoijua.

Pingamizi la usiri ni jepesi kuliko linavyosikika. Operesheni ni siri, jeraha si siri. Ondoa tarehe, kikosi na mahali. Kitakachobaki ni paja, risasi na dakika.

La wadhamini ndilo gumu. Mikutano ya namna hii hugharimiwa kwa sehemu na wauza vifaa, na nje ya ukumbi meza zao hupangwa kama maduka ya sikukuu. Vita vya Iraq vilituonyesha hatari yake. Unga wa kwanza wa kugandisha damu, uliotengenezwa kwa madini ya zeolaiti, ulizuia damu kweli, lakini ulitoa joto la kuunguza nyama. Unga mwingine ulisitishwa jeshini baada ya majaribio kwa nguruwe kuonyesha damu ikigandia ndani ya mishipa yenyewe. Hakuna muuzaji ambaye angekuja kuyasema hayo kwa hiari. Sioni ubaya wa muuzaji kulipia meza, ila jukwaani asipande, na daktari anayelipwa naye alitaje hilo kabla ya slaidi ya kwanza. Chama kitakachofukarika kwa sharti hilo kipunguze chakula cha jioni.

Kipimo cha sasa kinatoka Ukraine. Droni zimefanya kumtoa majeruhi kuchukue saa nyingi, pengine zaidi ya siku, na mkanda ule ulioleta ushindi Baghdad unabaki umekazwa mpaka mguu unakatwa, wakati mwingine kwa jeraha ambalo bandeji ingelitosha. Mwongozo unataka tabibu ajaribu kuulegeza na kufunga bandeji ndani ya saa mbili. Baada ya saa sita asiuondoe, isipokuwa pale palipo na uangalizi wa karibu na maabara. Wanaoweza kueleza jinsi hilo linavyofanyika ndani ya handaki, kwa tochi nyekundu, mikono ikitetemeka kwa baridi, ni wale wanaolifanya. Watakuja ukumbini kuwaambia wazee wa chama, waliojenga majina yao juu ya mkanda huo, kwamba sasa unakata miguu isiyostahili kukatwa. Mwenyekiti ndiye anayepanga ratiba. Awape saa ya asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye meza za maonyesho.