Mzee wetu ahamie kwake

Ndugu zetu wana-Kagunga, mlioko nyumbani na mlio mbali,

Mchungaji wetu anastaafu. Nyumba anayoishi ni ya kanisa. Akija mwingine, mzee atahama, naye hana kwake. Tulipaswa kuliona hili mapema, tukubali.

Mnakumbuka Mei 2015: wakimbizi kutoka Burundi walijaa ufukweni, kipindupindu kikaingia, MV Liemba ikawa inawasomba kwenda Kigoma. Yeye alishinda nao pale ufukweni, akichemsha maji pamoja na akina mama.

Kiwanja kipo, na tofali tumechoma wenyewe. Bado mabati na saruji, pamoja na gharama ya boti kuvileta kutoka Kigoma, ambayo si ndogo. Hayo ndiyo tunayowaomba mchangie. Mwenyewe anasema tusijisumbue. Kwa hili hatutamsikiliza.