Rangi za Furu Katika Kioo

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Musoma)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu walimu, wazee wenzangu, nanyi vijana mliokaa kule nyuma mkidhani hamtaulizwa kitu:

Kamati imenitaka nieleze jinsi madirisha ya vioo vya rangi yanavyotengenezwa, kisha nitoe shauri juu ya dirisha tunalokusudia kulichangia katika maktaba. Nitaanza na kazi, shauri litafuata.

Wengi wenu mmeyaona madirisha haya makanisani. Anayefika Dar es Salaam aingie Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, atazame nyuma ya altare. Watu hudhani vioo vya namna ile vimepakwa rangi tu. Sivyo. Kinachopakwa juu ni michoro midogo, kama macho na nywele. Rangi yenyewe imo ndani ya kioo, ilitiwa kilipokuwa kingali uji tanuruni. Vijana wa kemia wasikie: kobalti hutoa buluu, chuma hutoa kijani, manganizi hutoa zambarau, na dhahabu, kiasi kidogo mno, hutoa nyekundu. Ndiyo maana kioo chekundu kizuri kina bei.

Fundi huchora picha nzima kwenye karatasi kwa ukubwa wa dirisha, akaigawa vipande. Kioo hakikatwi kama ubao. Hukwaruzwa mara moja tu kwa kalamu ya kukatia kioo, kisha huvunjwa kwa kufuata ule mkwaruzo. Mkunjo wa ndani, kwa mfano panda ya mkia wa samaki, ndio unaotoa jasho, kwani kioo hupenda kuvunjika kwa mstari ulionyooka. Vipande huunganishwa kwa vijiti vya risasi vyenye mfereji kila upande, na maungio yakalehemiwa. Risasi ni sumu. Asiyenawa mikono kabla ya kula asiifanye kazi hii, na watoto wasiwe karibu.

Basi, picha ipi? Kamati imependekeza simba wa Serengeti, na wengine wanataka uso wa Mwalimu. Simba amechorwa kwenye kila fulana ya watalii, na uso wa Mwalimu tunao kwenye noti ya shilingi 1,000. Mimi nasema tumchore furu.

Naona mnacheka. Furu ni kitoweo cha mtoto wa ndoano, kweli. Lakini mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka, wataalamu wawili wa Uholanzi, Els Witte-Maas na Frans Witte, walimwandika furu mmoja wa ziwa letu katika vitabu vya sayansi na kumpa jina la nyererei, kwa heshima yake. Tangu 1998 anaitwa Pundamilia nyererei; hata jina la ukoo wake ni la Kiswahili. Watu wangapi wamekwenda Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu bila kujua kwamba yuko samaki mwenye jina lake?

Tena samaki huyu ni kama aliumbwa kwa ajili ya dirisha. Dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano, na mistari myeusi ya kusimama. Ile mistari ndiyo risasi yetu! Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ni wa rangi ya buluu. Wote hukaa penye miamba, na miamba hiyo imewafaa. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980, akawamaliza furu wengi wa maji ya wazi. Wale wa mawe walinusurika kwa wingi zaidi.

Lakini wana adui mwingine. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakiwa maangavu, mwekundu hupata wake na wa buluu hupata wake. Maji yakichafuka kwa udongo na mbolea inayoteremka kutoka nchi kavu, mwanga haupiti vizuri, jike hatofautishi, aina mbili zinachanganyika kuwa moja, na rangi zenyewe zinafifia. Samaki hao hawakuvuliwa wala kuliwa; wametoweka kwa kukosa mwanga. Hayo yamechunguzwa kule Mwanza na katika Ghuba ya Speke, ambayo watu wa Bunda huiona wakiwa barazani kwao. Kioo kichafu nacho hufanya vivyo hivyo: nyekundu na buluu huwa kahawia.

Juu ya gharama: hapana haja ya kuagiza kila kitu Ulaya. Kitengela, karibu na Nairobi, karakana aliyoianzisha Nani Croze imefanya kazi kwa miaka mingi kwa vioo vilivyotupwa. Iko pia njia ya Wafaransa ya kushika vioo vinene kwa saruji badala ya risasi, nayo inatufaa, kwani saruji na mchanga tunavyo na mafundi tunao. Kijani na kahawia tutapata katika chupa. Chupa za viwanda mbalimbali zikiyeyushwa pamoja hupasuka zinapopoa, lakini tukizipanga tu katika saruji hazina ugomvi. Tutakachonunua ni nyekundu, buluu na manjano, kwa ajili ya samaki wenyewe. Wanafunzi wanaweza kupanga vioo na kumwaga zege, mradi wavae glavu na miwani ya kazi.

Dirisha ninalolisemea linatazama magharibi. Jua la saa kumi na moja jioni litampitia yule furu mwekundu na kuangukia meza za kusomea.

Mezani karibu na mlango nimeweka vipande sita. Viinueni kwenye mwanga, msivishike penye makali. Ndugu Mwenyekiti, unaweza kupigisha kura.